Saundi kadi haisomi kwenye laptopu? Pita njia hii kabla hujaibeba kwa fundi

Wadau wa kurekodi habari za saa hizi. Saundi kadi ninayoisema hapa ni ile boksi ndogo ya nje inayoingiza sauti ya maiki kwenye laptopu kwa USB. Mimi niko Uyole hapa Mbeya, nina chumba kimoja nimekiziba na magodoro, narekodi kwaya, vijana wa gospo na bongo fleva, wengine wanatoka Mwanjelwa na Iyunga, wengine wanapanda basi kabisa toka Tukuyu, Chimala mpaka Makambako. Sasa karibu kila wiki napokea simu ya mtu analia, "kaka saundi kadi yangu imekufa, jana ilikuwa inafanya kazi leo laptopu haiioni." Nikimwelekeza dakika ishirini kwenye simu inarudi. Kifaa kufa kweli kweli huwa ni mara chache sana, mara nyingi ni waya, au poti, au setingi moja imejibadilisha yenyewe. Nimeona niandike mambo yote sehemu moja maana kuna watu wameuza vifaa vizima kwa bei ya kutupa wakidhani ni vibovu, na hiyo inaniuma.

Njia yangu ni moja tu, unafuata umeme na sauti vinakopita, unaanza kwenye waya, unaenda kwenye poti, unaingia Windows, unaingia draiva (programu inayofanya Windows ielewane na kifaa), mwisho kabisa programu ya kurekodia na maiki. Usiruke. Na ubadilishe kitu kimoja tu kisha ujaribu, maana ukibadilisha vitatu kwa mpigo ikawaka hutojua kilichoponya ni kipi na kesho ikirudia unaanza upya.

TAA KWANZA

Chomeka saundi kadi, usifungue programu yoyote, angalia taa. Kama haiwaki kabisa, shida iko kwenye umeme, yaani waya, poti, au kifaa chenyewe, usihangaike na draiva saa hizi. Kama inawaka imetulia ila laptopu haioni kitu, inawezekana waya unapitisha umeme bila data, au draiva haipo. Kama inawaka na kuzima, au inacheza ukigusa meza, huo ni waya au umeme mdogo, karibu hakika.

WAYA, NA HAPA NTAKAA SANA

Niliitwa kurekodi kwaya kule Tukuyu, usiku, watu kama thelathini wameshavaa sare wamejipanga, mvua imenyesha imekata tukasema haya tuanze. Saundi kadi yangu, Behringer UM2, nikiichomeka inawaka, laptopu inalia ile sauti ya kupokea kifaa, sekunde tano mbele inalia ile ya kukitema. Nikaanza na draiva, nikafuta, nikaweka upya, nikawasha laptopu upya, saa nzima imeenda na kina mama wameanza kukaa chini. Mwalimu wa kwaya mzee wa watu akasogea akainama karibu na meza akaniambia, "Mwanangu, mbona hako kataa kanafifia kila ukipitisha mkono?" Nikatazama, kweli, kile kichwa cha mraba kinachoingia nyuma ya kifaa kilikuwa kimelegea, ukikisukuma juu taa inang'aa, ukikiachia inafifia. Nikamwambia mwalimu tunahitaji waya mwingine na saa hizi maduka yamefungwa. Akasema subiri, akaenda ofisi ya kanisa akarudi na waya wa printa. Nikachomeka, tukarekodi nyimbo nne hadi saa saba usiku.

Shika hilo la printa. Saundi kadi nyingi za bei ya chini na kati, kama UM2, UMC22, Scarlett 2i2 za kizazi cha kwanza na cha pili, zinatumia ule waya wenye kichwa cha mraba, na ndio huo huo wa printa. Kwa hiyo popote penye steshenari pana waya wa kujaribia, nenda na laptopu yako na kifaa, omba kwa heshima wakuchomolee wa kwao dakika mbili. Pale karibu na vyuo, kama Iyunga, steshenari ziko mlango kwa mlango, Iringa mjini vile vile.

Zile zinazotumia Type-C, kama Scarlett za kizazi cha tatu zilizotoka 2019, zina mtego wake. Waya nyingi za Type-C tunazonunua mtaani ni za kuchajia simu tu, ndani zina nyaya mbili za umeme na za data hazipo, sasa taa itawaka vizuri kabisa na laptopu haitaona chochote hata ukae hapo mpaka asubuhi. Kujua ni rahisi, chukua huo waya unganisha simu yako na laptopu, kama simu haikuulizi habari za kuhamisha mafaili, hata kwenye setingi za USB hamna hiyo chaguo, inachaji tu, huo waya hautufai.

Urefu nao unahesabika. Waya wa mita tano wa bei chee unapoteza umeme njiani, kaa na wa mita moja au mbili. Na usiupitishe sambamba na ekstensheni ya umeme ukiweza.

POTI NA UMEME

Poti ya USB 2.0 inatoa mpaka miliampea 500, ya USB 3.0, ambayo mara nyingi ndani ina rangi ya bluu, inatoa mpaka 900. Saundi kadi isiyo na adapta yake inakula humo humo, na ukiwasha 48V, yaani umeme ambao saundi kadi inaupeleka kwenye maiki ya kondensa (aina ya maiki inayohitaji umeme), inakula zaidi. Ndio maana utasikia mtu anasema "inakubali vizuri ila nikiwasha 48V inajizima", hapo ni umeme hautoshi.

Kwa hiyo chomoa kila kitu, modemu, flashi, mausi, feni ya laptopu, acha saundi kadi peke yake. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, achana na zile habu za poti nne zisizo na adapta, hizo zinagawana umeme wa poti moja kwa wote. Jaribu poti zote, za kushoto na kulia, maana kwenye laptopu used ambazo wengi wetu tunanunua kuna poti imelegea kwa sababu mwenye nayo wa kwanza alikuwa anachomeka flashi humo miaka mitano. Kuna vifaa vya zamani pia vinasumbua kwenye USB 3.0 vikakubali kwenye 2.0, na vingine kinyume chake, usibishane, jaribu tu.

Ukiona poti imeshika vumbi, na kiangazi cha huku kuanzia mwezi wa saba vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, zima laptopu kabisa, puliza kwa ile pampu ndogo ya mpira au piga mswaki mkavu taratibu. Usipulize kwa mdomo, unaingiza unyevu. Na kwa wenzangu wa Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba, ukitoa kifaa kwenye gari asubuhi na baridi lile ukakiingiza kanisani watu wamejaa, kiache kwenye begi nusu saa kipate joto la chumba, vinginevyo kinatoa jasho ndani na umande na umeme havipatani.

JE LAPTOPU INAKIONA?

Sasa tuingie Windows. Bofya kulia kwenye alama ya Windows chini, chagua Device Manager, kisha chomeka saundi kadi huku macho yako kwenye skrini. Orodha lazima icheze, yaani ijirefushe ijifungue. Isipocheza kabisa, rudi kwenye waya na poti, hamna njia ya mkato hapo.

Ikitokea "Unknown USB Device" na maneno ya descriptor, laptopu imesikia kitu kimegonga mlango ila hawajaelewana, mara nyingi ni waya au poti. Ikitokea alama ya njano na Code 10, kifaa kimeshindwa kuanza, mara nyingi draiva. Code 43, Windows imekisimamisha yenyewe kwa sababu kimeripoti hitilafu, jaribu waya na poti kwanza halafu draiva.

Kitu watu hawajui, ukibonyeza Shut down kwenye Windows 10 na 11 laptopu nyingi hazizimi kabisa, kuna kitu kinaitwa Fast Startup kinahifadhi hali ya mfumo ili kesho iwake haraka, kwa hiyo na kichaa cha jana kinarudi nacho. Bonyeza Restart badala ya Shut down. Shida kadhaa zinaishia hapo tu.

Na wenye Scarlett za kizazi cha tatu, ukichomeka mara ya kwanza inajitokeza kama flashi kwenye kompyuta, usishtuke, iko kwenye hali ya kuanzia. Isajili kwa maelekezo yaliyomo, au kama huna bando, bonyeza kitufe cha 48V ukishikilie sekunde tano, kisha ichomoe na kuichomeka tena.

DRAIVA

Draiva ni mkalimani kati ya kifaa na Windows. Kwa kurekodi tunataka draiva ya ASIO, mfumo ulioletwa na Steinberg ili sauti isipite kwenye mizunguko yote ya Windows, ndio inafanya usikie sauti yako kwenye hedifoni bila kuchelewa.

Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza kifaa chako, tafuta modeli yako kamili, sio inayofanana. UMC202HD na UM2 zote ni Behringer ila ya kwanza ina draiva yake ya ASIO, ya pili kawaida tunaitumia na ASIO4ALL, draiva ya ASIO ya jumla isiyo ya kampuni moja. Watu wanaweka ya mwenzake halafu wanashangaa. Usipakue kwenye zile tovuti za "draiva zote bure", wengi wameingiza virusi humo.

Utaratibu wa kuweka, na huu ufuate kama ulivyo: chomoa saundi kadi, ondoa draiva ya zamani kwenye Apps, washa upya kwa Restart, weka draiva mpya, na wakati inajiweka usichomeke kifaa mpaka ikuambie chomeka, ikimaliza Restart tena. Kama ulikuwa na draiva za saundi kadi mbili tatu ulizowahi kuazima, Device Manager bofya View halafu Show hidden devices, zile zenye rangi ya kufifia za saundi kadi ambazo huna tena zifute. Gusa hizo tu, usiguse vitu usivyovijua.

Kama ilikuwa inafanya kazi na imeharibika baada ya Windows kujisasisha, kwenye Device Manager fungua kifaa chako, sehemu ya Driver, kama kitufe cha Roll Back Driver kinabonyezeka kibonyeze, kinarudisha draiva ya awali.

Wa Mac mna kazi ndogo, fungua Audio MIDI Setup uone kama kifaa kipo, halafu kwenye ruhusa za Privacy upande wa Microphone hakikisha programu yako imewekewa tiki, tangu Mojave ya 2018 bila hiyo ruhusa unarekodi ukimya.

RUHUSA YA MAIKI NA PROGRAMU YA KUREKODIA

Windows nayo ina hiyo ruhusa. Settings, Privacy, Microphone, washa ya juu, halafu shuka chini kabisa kuna moja ya desktop apps, iwashe nayo. Hii imewaliza wengi, kifaa kinaonekana, draiva iko, ila mawimbi hayachezi.

Kisha fungua programu. FL Studio bonyeza F10 nenda Audio, Reaper nenda Options, Preferences, Audio, Device, Cubase nenda Studio Setup sehemu ya Audio System (kwenye matoleo ya zamani imeandikwa VST Audio System). Chagua ASIO ya kifaa chako. Kama unatumia ASIO4ALL fungua paneli yake, washa kifaa chako tu, hiyo spika ya ndani ya laptopu izime. Ukiona kifaa kina alama nyekundu ya X maana yake kuna kingine kimekishikilia, mara nyingi ni brauza imefungua YouTube unasikilizia biti, au WhatsApp ya kompyuta. Funga zote, zima programu, fungua tena.

Halafu sampo reti, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Kama Windows imewekwa 48000 na projekti yako ni 44100, kuna vifaa vitagoma kabisa na vingine vitacheza ila kasi na unene wa sauti vimebadilika kama asilimia 8 au 9 hivi, msanii hasikiki kama mwenyewe. Weka namba moja kila sehemu, kwenye Windows, kwenye paneli ya kifaa na kwenye projekti.

INASOMA ILA MAIKI KIMYA

Hapa jibu fupi kwanza. Maiki nyingi za kondensa za studio hazifanyi kazi bila 48V, washa kitufe, subiri sekunde kumi. Maiki ya dainamiki kama Shure SM58 haihitaji, ila inataka geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) zaidi, usiogope kuzungusha.

Jibu refu ni la hizi maiki za BM-800 ambazo vijana wengi wanaanza nazo. Zinakuja na waya wenye XLR (kile kichwa kinene cha pini tatu) upande mmoja na pini ndogo ya jeki kama ya hedifoni upande wa pili. Mtu ananunua saundi kadi nzuri, anatafuta adapta ya kukuza hiyo jeki iingie kwenye tundu kubwa, anawasha 48V, kimya. Ile 48V inapita kwenye XLR tu, kwenye jeki haipiti. Tundu la saundi kadi linaonekana moja ila la katikati ni la jeki na yale matundu matatu pembeni ni ya XLR. Nunua waya wa XLR kwa XLR, na uzime 48V kabla ya kuchomeka au kuchomoa.

Angalia pia kitufe cha Inst au Line (Inst ni cha gitaa, Line ni cha vifaa kama kinanda), na kwenye programu hakikisha traki inasikiliza Input 1 kama maiki iko tundu la 1. Na ukisikia sauti mbili mbili kwenye hedifoni kama mwangwi, umewasha Direct Monitor (kusikia maiki moja kwa moja toka kwenye saundi kadi) na pia monita ya programu, zima moja.

INAKATIKA AU INATOA MIKWARUZO KATIKATI YA KAZI

Kama inakubali halafu baada ya robo saa inapotea, Windows inazima poti kuokoa betri. Control Panel, Power Options, Change plan settings, advanced, tafuta USB selective suspend weka Disabled, upande wa betri na wa chaji. Halafu Device Manager, kila USB Root Hub, Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima.

Mikwaruzo na sauti ya kukatikakatika mara nyingi ni bafa, yaani kipande cha sauti ambacho laptopu inakikusanya kabla ya kukishughulikia, imekuwa ndogo kuliko laptopu inavyoweza kubeba. Bafa ya 256 kwenye 44100 ni kama milisekunde 5.8, nzuri kwa kurekodi vokali, ya 1024 ni kama milisekunde 23, hiyo utaisikia ikichelewa ila ni nzuri wakati wa kumiksi. Mimi narekodi na 256, laptopu ikilemewa napanda 512 na kumsikilizisha msanii kwa Direct Monitor. Zima Wi-Fi wakati wa kurekodi, na umeme ukikatika ukahamia kwenye betri laptopu nyingi zinajipunguza kasi, kwa hiyo pandisha plani ya umeme kwenye High performance.

MLIO WA "MMMM"

Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mlio ukiisha, shida mara nyingi ni athi, ule waya wa umeme unaoingia ardhini. Umeme wetu ni wa hezi 50 na mlio ndio huo unausikia. Chomeka laptopu, spika na kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu inayoingia kwenye soketi moja yenye athi nzima. Usivunje ile pini ya tatu kwa ajili ya kuondoa mlio, nawaomba sana, radi za huku mnazijua kuanzia Novemba zikianza, mtu ameshika maiki ya chuma mdomoni na athi hamna ni hatari ya uhai. Kwenye spika za studio tumia waya wa jeki yenye pete mbili nyeusi, inapunguza sana.

UKISHINDWA KOTE

Chukua saundi kadi na waya uliothibitisha ni mzima, nenda kwa mwenzako mwenye laptopu nyingine, chomeka. Ikisoma kule, kifaa ni kizima, rudi ushughulike na laptopu yako. Isiposoma kule pia, hapo ndio nenda kwa fundi, na ukifika mwambie aanze na kile kitako cha USB kwenye bodi, akitazame na lensi, maana kwa kuchomekwa na kuvutwa mara nyingi risasi yake ya kuchomelea inapasuka na kuacha ufa mwembamba kama unywele. Kwa kile kitako cha mraba, akirudishia risasi pointi nne na ile miguu miwili ya kushikilia, mara nyingi inawaka pale pale mezani kwake. Kabla hujaondoka hapo chomeka maiki, washa 48V, rekodi neno moja, lisikilize.